Ardhi, Minazi na Maji: Majibu kwa Wanaonunua Unguja na Pemba

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nimeonyeshwa, nimependa, je, nitoe pesa? Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Visiwani ni ya umma, na Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya 1992 imeiweka chini ya dhamana ya Rais wa Zanzibar. Unachonunua ni haki ya kuitumia. Juu ya haki hiyo ipo miti, yapo maji, ipo njia ya kupita na wapo warithi, na kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe wake. Wengi wanaolia huwa wamelipia kimoja wakidhani wamelipia vyote.

Nimeonyeshwa kiwanja Fuoni, hatua 20 kwa 15. Muuzaji ana karatasi ya sheha yenye muhuri na sahihi za mashahidi wawili. Dalali anasema nilipe leo leo kwa sababu kuna mtu wa pili anakitaka. Nifanyeje? (Msomaji, Amani)

Usilipe leo. Huyo mtu wa pili yupo katika kila kiwanja kinachouzwa Unguja, na kazi yake ni kukuharakisha.

Karatasi ya sheha ina kazi yake: inaonyesha kwamba uongozi wa shehia unamjua muuzaji na unajua kuwa amekaa pale. Haihamishi haki. Kwa Sheria ya Uhaulishaji Ardhi ya 1994, yaani ya kuhamisha haki ya ardhi, mauziano ya ardhi lazima yapite kwenye Bodi ya Uhaulishaji, na yasiyopita hapo hayana nguvu. Kwa hiyo ukishika karatasi ya sheha peke yake, muuzaji akifa au akigeuka, mkononi mwako una ushahidi kwamba ulitoa pesa, lakini huna kiwanja.

Anza na nyaraka. Muombe muuzaji hati ya haki ya matumizi ya ardhi. Akiwa nayo, chukua nakala, nenda Kamisheni ya Ardhi ukahakikishe mambo matatu: jina lililomo kwenye daftari ni lake, hakuna rehani wala zuio la mahakama, na namba ya kiwanja ni ya kipande kile kile ulichoonyeshwa. Hilo la tatu ndilo watu hulisahau. Hati inaweza kuwa ya kweli kabisa na ikawa ya kiwanja cha jirani.

Kama hana hati, muulize ardhi ilimfikia vipi. Akijibu ni sehemu ya eka tatu, simama hapo hapo. Eka tatu ni mashamba waliyogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi, kwa ajili ya kulima na kurithisha. Hayakutolewa ili yakatwe viwanja na kuuzwa kimya kimya. Viwanja vingi vya pembezoni mwa mji vimekatwa humo bila idhini, na mnunuzi ndiye anayekwama siku anapotaka hati au kibali cha kujenga. Muuzaji wa eka tatu alete idhini kwanza, pesa baadaye.

Sasa hatua. Hatua si kipimo, kwa sababu miguu haifanani. Akipima mtu mfupi, hatua moja ni kama sentimita 80. Hatua 20 kwa 15 zinakuwa mita 16 kwa 12, yaani mita za mraba 192. Wewe kichwani umeshahesabu 20 mara 15, umepata 300, na bei umeikubali kwa 300. Mlete mpima mwenye leseni, apime kwa mita, aweke mawe ya mpaka, na namba za ncha zote nne ziandikwe ndani ya mkataba.

Siku ya kupima, muite sheha na majirani wa pande zote, mzunguke pamoja. Uliza kwa sauti, mbele ya watu: minazi hii ya nani? Mwembe huu wa nani? Kwa mila zetu miti inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi ikawa ya mwengine, maana babu mmoja alipewa ruhusa ya kupanda na wajukuu wake bado wanakuja kuangua. Ukikata mnazi usio wako utalipa, na utaanza ujirani kwa ugomvi. Hesabu miti, iandike kwenye mkataba kwa idadi na aina, na kama ina mwenyewe mwengine basi naye atie sahihi kuwa amelipwa. Kisha uliza njia. Kijia chembamba kinachokatisha kiwanja kuelekea kisimani au msikitini hakifungwi kwa ukuta wako. Ukikifunga, usishangae ukuta ukilala chini siku ya pili.

Baada ya hapo ndipo mkataba kwa mwanasheria, malipo ya awali yasiyozidi asilimia 10, na masharti kwamba kilichobaki kitalipwa Bodi ikishapitisha. Kama muuzaji ana mke au mume, naye asaini. Pesa zipite benki.

Jambo la mwisho kuhusu Fuoni na maeneo yote ya mabondeni hadi Mwanakwerekwe: kiwanja kilichokauka Januari hakikwambii kitu. Nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, siku ya pili baada ya mvua kubwa. Ikiwa huwezi kungoja, tazama kuta za nyumba za jirani. Mstari wa tope au wa ukungu uliopita usawa mmoja nyumba hadi nyumba ndio usawa yalikofika maji.

Baba yetu amefariki, ameacha mke, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu. Nyumba ipo Kikwajuni. Kaka mkubwa anataka kuiuza, na kaka wa pili yupo Muscat. Je, kaka mkubwa ana haki ya kusaini peke yake? (Bi. S., Kikwajuni)

Pole kwa msiba, bibie. Hapana, hana. Hata akiwa ndiye msimamizi wa mirathi, anasimamia kwa niaba yenu wote. Ukubwa wa umri haumuongezei fungu.

Kwa sharia mama yenu anapata thumni, yaani sehemu moja kati ya nane, kwa sababu marehemu ameacha watoto. Saba zilizobaki wanagawana watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Kwenu hesabu imekaa vizuri: wanaume wawili mafungu manne, wanawake watatu mafungu matatu, jumla saba. Tuchukue mfano kwamba nyumba imethaminiwa shilingi milioni 80 na madeni ya marehemu yameshalipwa. Mama anapata milioni 10, kila binti milioni 10, kila mtoto wa kiume milioni 20.

Njia ni hii. Pateni cheti cha kifo, kisha mfungue mirathi Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambako orodha ya warithi itathibitishwa na mafungu yataandikwa. Leteni mthamini asiyekuwa na ujamaa na yeyote. Aliyepo Muscat atoe wakala wa maandishi uliothibitishwa rasmi huko aliko, wenye kutaja nyumba hii kwa anwani na kusema wazi kama amempa anayemwakilisha ruhusa ya kuuza, kupokea pesa, au yote mawili. Wakala unaosema "anishughulikie mambo yangu" ndio unaozaa kesi. Pesa ya mauzo igawiwe na benki moja kwa moja kwenye akaunti za warithi sita. Isipite mfukoni mwa mtu.

Na mama asisahauliwe kwenye mazungumzo. Mara nyingi anakaa ndani ya nyumba hiyo hiyo inayouzwa, na milioni 10 hazimpatii nyumba nyengine Kikwajuni. Mkiweza, mmoja wenu awanunue wenzake mafungu yao, na mama abaki pale pale.

Nimezaliwa Malindi, Unguja, naishi Muscat tangu utotoni na nina pasi ya Oman. Nataka kiwanja Zanzibar. Binamu yangu amekubali kiandikwe kwa jina lake, na sisi tutaandikiana pembeni. Ni salama? (Msomaji, Muscat)

Si salama, na tunakuomba usifanye. Haki ya matumizi ya ardhi hupewa Mzanzibari, na Tanzania hairuhusu uraia wa nchi mbili. Kisheria kiwanja kitakuwa cha binamu yako. Akifariki kinaingia kwenye mirathi yake, na mkewe na watoto wake watakuwa na haki waliyopewa na sharia, bila kuwa na nia mbaya hata kidogo. Karatasi mliyoandikiana pembeni itaonyesha kwamba wewe mwenyewe ulijua hukuruhusiwa kumiliki. Watu wenye mapenzi ya kweli wameharibikiwa na udugu kwa njia hii.

Unazo njia mbili zilizo wazi. Moja ni kukodi ardhi ya serikali kwa uwekezaji kupitia ZIPA, mamlaka ya kukuza uwekezaji Zanzibar, ambapo mkataba wa kawaida ni wa miaka 33 unaoweza kuongezwa. Hii inafaa mwenye mradi wa biashara. Mtu anayetaka vyumba viwili vya kuja kufungia Ramadhani haimfai. Ya pili ni kununua fleti chini ya Sheria ya Kondominio ya 2010, ambayo inamruhusu asiye raia kumiliki sehemu ya jengo kwa jina lake. Na ikiwa nia yako hasa ni kumsaidia binamu apate pa kujenga, basi mpe hiba iliyo hiba, iandikwe hivyo, na ukija ufikie kwake kama mgeni wa heshima.

Nyumba yetu Mji Mkongwe ilipigwa plasta ya saruji miaka sita iliyopita. Sasa rangi inabanduka kwa mapande, chini ukuta unatoa unga mweupe, na chumba cha juu dari imeinama kidogo. Fundi anataka kurudia saruji nzito zaidi. (Msomaji, Shangani)

Mzuie fundi huyo, kwa heshima.

Kuta zenu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake mara nyingi nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hiyo unapandisha unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia plasta ya chokaa, polepole, mwaka mzima. Saruji imeuziba mlango huo. Maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yamebeba chumvi, na chumvi inapokauka inakuwa fuwele zinazopasua jiwe kutoka ndani. Huo ndio unga mweupe mnaouona. Plasta nzito zaidi itapandisha unyevu mpaka kwenye vichwa vya boriti, na nadhani umeshafika, kwa sababu dari imeanza kuinama.

Kwa hiyo anzeni na boriti. Ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vya Mji Mkongwe viwe vyembamba, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Chukua bisibisi, ikandamize kwenye kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama zaidi ya sentimita moja, boriti hiyo imekwisha. Wekeni nguzo za muda chini ya dari kabla ya kugusa kitu chochote, na ondoeni mizigo chumba cha juu, hasa tangi la maji kama lipo.

Kisha tafuteni chanzo cha maji: mfereji wa paa ulioziba, bomba la kiyoyozi linalodondokea ukutani, bafu lililowekwa juu ya dari ya boriti. Bila kuyaziba hayo, kazi nyengine yote ni bure.

Plasta ya saruji itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, mkono kwa mkono. Mashine ya kuchimbua inatikisa mawe mpaka yanalegea. Itoeni hadi mita moja juu ya usawa unyevu ulipofika, na ukuta uachwe wazi ukauke, heri msimu mzima wa kaskazi, Disemba hadi Februari. Chumvi inayochomoza ifagiliwe kwa brashi kavu. Isioshwe, itarudi ndani.

Chokaa ilowekwe mapema ndani ya pipa, maji yasimame juu yake vidole vinne, kwa wiki kadhaa, na ikifika miezi mitatu ndiyo bora. Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga wa nchi kavu uliochekechwa. Viungo vya mawe vikwanguliwe kina cha sentimita mbili hadi tatu na vijazwe pamoja na vipande vidogo vya matumbawe. Plasta ipigwe kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita moja na nusu, wiki moja au zaidi kati ya tabaka na tabaka. Magunia yaliyoloa yatundikwe mbele ya ukuta siku za mwanzo, kwa sababu chokaa ikikaushwa na jua inapasuka na kuwa unga. Umaliziaji ni chokaa ya kupaka, mipako myepesi minne au mitano. Rangi ya plastiki itawarudisha mlikotoka.

Kabla ya yote hayo pitieni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mpate kibali, hata kwa plasta na madirisha. Mji huu umo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000, na sote tuliona sehemu ya jumba la kale la Beit el Ajaib ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Jengo la mawe likianza kuonyesha dalili, halisubiri bajeti ya mwakani.

Kiwanja cha ufukweni Jambiani, bei nzuri, minazi mizuri. Nikague nini? (Msomaji, Dar es Salaam)

Ikague bahari kwanza. Nenda siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ukiweza bamvua la Machi au Septemba ambalo huwa kubwa zaidi. Pwani zetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa kama mita nne. Simama pale wakati wa maji makuu, weka kigingi yalipofika, upime kutoka hapo kwenda nyuma. Sisi hatumshauri mtu ajenge chini ya mita 30 kutoka kwenye kigingi hicho, na sharti la eneo lenyewe uliulize kwa maandishi kwenye mamlaka ya mazingira na ya mipango miji.

Hiyo minazi mizuri, itazame chini. Mizizi ikiwa wazi upande wa bahari, au mnazi umelalia ufukweni, pwani hiyo inaliwa. Tazama pia kwa jirani. Akiwa na ukuta wa zege uliosimama wima mbele ya maji, mawimbi yanayougonga yanachukua mchanga wa chini yake na wa pembeni yake, na wa pembeni ni wewe. Mchanga wa pwani unahama kwa majira, kusi ukienda upande mmoja na kaskazi ukirudi upande mwengine, kwa hiyo picha ya ufukwe mpana uliyotumiwa inategemea ilipigwa mwezi gani.

Wapo na watu. Jambiani wanawake wanashuka pwani kwenye mashamba yao ya mwani maji yakitoka, na wavuvi wanapandisha vyombo. Njia zao ziko pale kabla ya kiwanja chako. Ziache ndani ya ramani, kwa upana unaopitisha mtu na mzigo kichwani, na usajili hivyo hivyo. Uliza pia makaburi. Yanaweza kuwa mawe machache tu kichakani yasiyo na maandishi, na hakuna mwanakijiji atakayekusamehe ukipitisha tingatinga hapo.

Kwa kuwa umeandika kutoka Dar: haki ya matumizi ya ardhi Zanzibar imefungamana na Uzanzibari, si na uraia wa Tanzania peke yake. Kama wewe si Mzanzibari, njia yako ni ya kukodi. Mwambie mwanasheria wako hili siku ya kwanza.

Nimechimba kisima Makunduchi, maji yalikuwa matamu. Nilipofunga pampu ya nguvu ya farasi mmoja, katika mwezi wa pili tangu hapo yakawa ya chumvi. Nichimbe zaidi? (Msomaji, Makunduchi)

Ukichimba zaidi utaikuta bahari yenyewe. Chini ya mawe ya kusini na mashariki mwa Unguja maji matamu ni tabaka tu linaloelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kanuni, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 chini yake. Ukishusha usawa wa juu kwa pampu kubwa, chumvi inapanda kwa kasi kutoka chini, moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba lako.

Pumzisha kisima, kwa wiki kadhaa na mvua ikinyesha. Kisha funga pampu ndogo, mdomo wake ukae karibu na uso wa maji, na uivute dakika 20 kwa wakati mmoja, asubuhi na jioni, kujaza tangi. Pima kwa kifaa cha kupimia chumvi: yakipita miligramu 1,000 kwa lita ulimi unaanza kuona. Pima hasa Februari kabla ya masika, wakati wa bamvua, maana huo ndio wakati kisima kinakuwa kibaya kuliko wote. Mnunuzi wa nyumba yenye kisima afanye hivyo hivyo.

Paa la bati ndilo kisima chako cha pili. Mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000. Toa zinazopotea, unabaki na kama 800. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 40 kwa siku, inatumia 200, kwa hiyo mvua hiyo moja ni siku nne, na tangi la lita 5,000 ni siku 25. Lita 50 hadi 100 za mwanzo zimwagwe nje, zina vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la makuti halifai kwa maji ya kunywa.

Na karo la choo likae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa chini, liwe na sakafu ya zege na kuta zilizopigwa lipu. Mawe haya yana matundu. Shimo lisilo na sakafu linapeleka uchafu kisimani haraka kuliko kwenye udongo.

Nguzo za nyumba yangu Nungwi zimepasuka kwa urefu, na kuna madoa ya kutu. Nyumba ina miaka minane tu. (Msomaji, Nungwi)

Nondo zinaliwa na chumvi. Chuma kikishika kutu kinavimba na kuipasua zege kutoka ndani. Sababu ni mbili, na mara nyingi zote mbili kwa pamoja: zege iliyofunika nondo ni nyembamba, sentimita mbili au chini yake, na mchanga au maji ya kuchanganyia yalikuwa na chumvi.

Bomoa sehemu moja ya nguzo mpaka nyuma ya nondo. Kama kutu ipo upande wa nje tu na ndani chuma ni safi, unaweza kukarabati: toa zege mpaka upite kutu kwa kiganja, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, na nondo iliyopungua zaidi ya robo ya unene wake ifungiwe nyengine pembeni, iipite kwa sentimita 50 hadi 60 kila upande ikiwa ni milimita 12. Ukikuta kutu kila mahali, hata katikati, basi mchanga wenyewe ulikuwa wa pwani. Hapo viraka havisaidii, kwa sababu kutu itaendelea kando ya kiraka. Nguzo zijengwe upya, moja moja, dari ikiwa imeshikiliwa.

Zege ya karibu na bahari iwe saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Ni kama mifuko minane ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Maji yasizidi lita 22 au 23 kwa mfuko, na zege ikiwa nzito kushindiliwa, tumia kishindilio cha mashine, usiongeze maji. Nondo zisimamishwe kwa biskuti za zege, yaani vipande vya kuzitenga na ubao, za sentimita tano. Mwagilia siku 14. Mchanga wa Unguja unachimbwa kwa kibali, una bei, na ndiyo maana wengine wanaleta wa pwani usiku. Koroga konzi moja ndani ya glasi ya maji matamu, uache utulie, uonje. Ukiwa na ladha ya chumvi, gari lirudi na mzigo wake.

Fleti Fumba, bado haijajengwa, nalipa kwa awamu. Nitazame nini kwenye mkataba? (Msomaji, London)

Tazama miaka. Jengo limekaa juu ya ardhi iliyokodiwa, na fleti yako haiwezi kuishi kuliko mkataba mkuu wa ardhi hiyo. Omba nakala yake, uhesabu iliyobaki, na usome nani anaomba nyongeza na kwa gharama ya nani.

Malipo yafuate kazi: msingi, fremu, paa, umaliziaji, kila awamu na cheti cha mhandisi, si tarehe za kalenda. Asilimia 10 ibaki mkononi mwako mpaka umeme na maji viwake ndani na hati ya sehemu yako itoke kwa jina lako. Ada ya huduma isomwe kwa mita za mraba. Ikiwa ni dola 2 kwa mwezi, kwa mfano, fleti ya mita 60 inadaiwa dola 120 kila mwezi, uwepo usiwepo. Ulizia kama ndani yake imo akiba ya paa, pampu na jenereta. Unguja inategemea umeme wa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara, na ulipoharibika 2008 kisiwa kilikaa gizani kama mwezi, kisha tena kuanzia Disemba 2009 kwa miezi mitatu. Waya mkubwa zaidi umelazwa tangu wakati huo, lakini jengo refu lisilo na jenereta halina maji ghorofa ya nne umeme ukikatika.

Ukikusudia kupangisha watalii, leseni ya Kamisheni ya Utalii ni lazima, na kanuni za jengo ziwe zinaruhusu. Hesabu za faida kwenye vipeperushi hazionyeshi miezi ya masika, Aprili na Mei, ambapo vyumba vingi hukaa vitupu.

Shamba la mikarafuu Wete, linauzwa. Mikarafuu inahesabiwaje? (Msomaji, Chake Chake)

Mmoja mmoja, kwa kuzunguka na muuzaji na jirani, mkiipaka alama ya chokaa. Igawe mafungu matatu: michanga ambayo bado haijazaa, maana mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane, inayozaa, na iliyochoka au kukauka kilele. Bei ya jumla ya "mikarafuu 60" ikiwa 25 kati yake imechoka si bei ya shamba ulilonunua. Hakikisha kwenye ofisi ya kilimo ya wilaya kuwa hakuna ya serikali katikati, kwa sababu Pemba ipo, na anayeichuma siku zote si lazima awe mwenyewe.

Mkataba useme msimu huu karafuu ni za nani. Kama makonyo, yaani vikonyo vinavyobeba karafuu, yameshachomoza siku ya kusaini, andikeni tarehe ya mwisho ya muuzaji kuchuma, na nani anawalipa wachumaji. Mnunuzi wa karafuu ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake, kwa hiyo stakabadhi za mauzo za misimu mitatu iliyopita zipo. Muuzaji azilete: zitakwambia shamba linatoa kilo ngapi.